Mstari Ulionyooka Mno

1

Mstari wa Tumpale ulikuwa umenyooka mno, na hilo ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe mezani.

Nilikuwa msomaji wa vizingiti wa kata ya Lupando, kazi niliyoifanya miaka kumi na mmoja. Kila nyumba huku milimani kwetu ina bamba la chuma la kijivu chini ya mlango wa mbele, na kila anayetoka asubuhi hulikanyaga, apende asipende. Bamba linamtambua mtu kwa mwendo wake, linampima, kisha linatuma namba ofisini. Kompyuta inaziunga zile namba siku baada ya siku mpaka zinakuwa mstari, mstari mmoja kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Mimi nililipwa kuitazama mistari hiyo. Nikae na mstari wa mtu mwezi mmoja tu, nitakwambia alikula harusi ngapi, aliugua lini na kama mwaka huu viazi vyake vimekubali.

Mwili wa mtu hautulii. Leo umekula kande zenye chumvi nyingi, maji yamebaki mwilini, kesho umeongeza nusu kilo. Keshokutwa umetoka na sweta iliyoloa. Siku zako za mwezi zinakupandisha, zikipita zinakushusha. Lakini mstari wa Tumpale ulisoma 54.1 siku kumi na mbili mfululizo, haukupanda wala kushuka hata gramu mia. Kompyuta ilikuwa imemwekea alama ya kijani na maneno "Afya imara". Nilicheka peke yangu. Watu walioitengeneza waliifundisha kuogopa mstari unaoporomoka, hawakuifundisha kuogopa mstari uliotulia.

Wengi wanadhani mimba huanza kwa kunenepa. Kwenye mistari haianzi hivyo. Wiki ya tano hivi uzito hupanda kidogo, kiasi cha bilauri mbili za maji. Wiki ya sita na ya saba kichefuchefu kinaingia, mstari unashuka kilo moja, pengine mbili, halafu unakaa hapo ukitikisika mpaka mwezi wa tatu uishe, ndipo unapanda. Kompyuta ikiona umbo hilo inadhani. Ila kudhani si kujua, kwa hiyo sheria inataka mtu abonyeze "Thibitisha". Huyo mtu ni mimi.

Nikibonyeza, kuna mambo matatu yanatokea saa ileile. Muuguzi anapangiwa kumtembelea mama. Salamu ya heri inakwenda kwenye simu ya mkuu wa kaya. Na kina mama wa nyumba kumi wanapata taarifa wapeleke kikapu cha lishe, jambo ambalo hapa kwetu haliwezi kufanyika bila vigelegele.

Asije mtu akaniambia vizingiti ni vibaya. Kabla havijawekwa, dada yangu Lugano alitapika wiki tisa. Kila aliyemwona alimwambia ni kawaida, mimba changa ndivyo zilivyo, vumilia. Tulimzika akiwa amebaki mifupa na macho. Binti yangu ana jina lake, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Lugano. Tangu vizingiti vije, katika kata yetu hajafa mwanamke hata mmoja kwa namna ile.

Lakini Tumpale nilikuwa nimemthibitisha mara tatu. Mara tatu vikapu vilikwenda nyumbani kwao, na mara tatu, kabla ya wiki ya kumi, mstari ulibadilika na simu zilezile zikapokea neno la pole. Mara ya pili mayai ya kikapu yalikuwa hayajaisha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mizani: karani wa kupima majani mabichi kwenye banda la chai, anayeaminiwa na wakulima wote kwa sababu hapunji wala hapendelei.

Nilitazama tena ile 54.1 iliyojipanga kama askari kwenye gwaride. Kanuni inasema msomaji akihisi uzito umechezewa atoe taarifa siku hiyohiyo. Nilifunga skrini nikaenda nyumbani.

2

Asubuhi nilimfuata na sanduku la vifaa, nikijifanya nimekuja kukagua bamba. Ukungu wa Juni ulikuwa umelala mpaka kwenye migomba. Alitoka mlangoni amejitanda, mgongoni amefunga kitu kwa kitenge kama mtoto.

"Shikamoo, Mama Lugano."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Unga tu, namfikishia mtu kule bandani."

Nilimsubiri alikanyage bamba. Kifaa changu kikasoma 54.1. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya banda la kuni ambako hatuonekani toka nyumba kubwa, nikamwambia aweke mzigo chini.

Lilikuwa jiwe la kusagia, lile la juu, dogo, lililolika upande mmoja kwa miaka ya viganja vya wanawake. Pembeni yake palikuwa na kimfuko cha kokoto.

"La mama mkwe," alisema. "Halitumiki siku hizi, nililitoa nyuma ya jiko. Juzi ameuliza limekwenda wapi, nikanyamaza."

"Na hizo kokoto?"

"Kila jioni wakulima wakishaondoka najipima kwenye mizani ya chai. Kilichopungua, asubuhi nakifidia. Mume wangu Gwakisa ndiye ananichagulia kokoto, anajua kila kitu." Akainua uso, na nakuapia kulikuwa na majivuno kidogo usoni pale. "Nafidia sawasawa, mama. Sijakosea hata mara moja."

"Ndipo ulipokosea," nilimwambia. "Hakuna mtu anayepatia hivyo siku kumi na mbili."

Alielewa papo hapo. Alikaa juu ya gogo, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akatapika maji matupu pembeni. Nilimshika paji la uso kama nilivyozoea kumshika dada yangu. Alipomaliza nililiinua jiwe na kile kimfuko, nikapima kwa mkono. Hata mimi nina uzoefu wangu. Kilo tatu na ushee. Maana yake mwenyewe alibaki na hamsini na kitu, na alikuwa amekwisha kupoteza zaidi ya sehemu tano katika mia za mwili wake. Hapo ndipo kichefuchefu cha kawaida kinapoishia na ugonjwa unapoanza.

"Wiki ya ngapi?"

"Ya nane."

"Nenda ukatibiwe."

"Nikitibiwa kichefuchefu cha mimba, taarifa inakwenda kulekule. Wewe unajua." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mama, baba mkwe wangu ni mtu ambaye nikimwona njiani napinda kichakani, yeye anageuza uso. Ndiyo heshima yetu. Halafu simu yake inamwambia habari za tumbo langu kabla sijamaliza kufunga viatu. Mara tatu. Na mara tatu imemwambia limeharibika. Hanitazami, lakini najua anajua, na yeye anajua kwamba najua. Zamani mwanamke aliificha mpaka ijitokeze yenyewe. Ikiharibika, analia na mume wake, yanakwisha. Mimi nalia na nyumba kumi."

Kidole kilichofanya hayo kilikuwa changu, na hakuwa amenitaja hata mara moja.

"Mpaka mwezi wa nne wa mimba," alisema. "Ukifika huo, tangaza hata kwenye redio. Nakuomba."

Nilipatana naye hivi. Kompyuta ilikuwa imeridhika na alama yake ya kijani, kwa hiyo mimi sikuhitaji kufanya kitu chochote, na kutofanya kitu ndilo kosa jepesi kuliko yote. Yeye angeendelea na mawe yake, ila ayachanganye kidogo, leo yazidi, kesho yapungue. Kila jioni nikipita bandani angenipa kijikaratasi chenye uzito wake wa kweli. Anywe maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, ale kidogo kidogo kabla njaa haijauma. Na uzito ukishuka chini ya hamsini, nabonyeza, ahadi au hakuna ahadi.

"Sawa," alisema. Alilifunga jiwe tena mgongoni, akanyoosha mgongo, akaenda kazini.

3

Kijikaratasi cha kwanza kilisema 50.9. Cha pili 50.7. Cha tatu 50.3, na usiku wake sikupata usingizi. Nilijiambia kwamba ninamlinda. Saa tisa nilijiambia kwamba ninamuua, kwamba mimi sasa ndiye yule anayesema ni kawaida, vumilia. Tofauti ni kwamba wale waliomwambia dada yangu hawakuwa na namba mkononi.

Cha nne kilisema 50.4. Nilifurahi, na njiani nikanunua mayai. Cha tano 50.4. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mizani, amevaa sweta mbili na kujitanda kitenge juu, kama wote tulivyojitanda kwa baridi ile, na alinitabasamia. Cha sita 50.4.

Nilikipokea hicho cha sita, nikakitia mfukoni, nikaaga, nikatembea mpaka kwenye daraja la miti. Hapo miguu ilisimama yenyewe. Nilivitoa vile vitatu vya mwisho nikavipanga kwenye kiganja.

50.4, 50.4, 50.4.

Nilikuwa nimesahau kazi yangu. Namba nzuri iliniingia, nikaimeza kama kompyuta. Niligeuka nikarudi bandani mbiombio, na mtu wa umri wangu akikimbia kwenye utelezi wa Juni anakuwa kichekesho, lakini hapakuwa na wa kunicheka. Wakulima walikuwa wameondoka. Tumpale alikuwa amelala kichwa juu ya meza.

"Panda kwenye mizani," nilisema.

"Nimeshajipima, mama."

"Panda."

Alivua sweta zote mbili. Mikono yake ilinipa jibu kabla ya mizani, ila nilitaka kusoma. 48.6. Alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake. Midomo ilikuwa imepasuka, na nilipomuuliza alikojoa lini, alifikiri kwa muda mrefu, akasema jana.

Nilikasirika. Sitaficha, nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. "Umenidanganya mimi. Dunia nzima umeificha, sawa. Lakini mimi?"

"Nilidhani kesho yake ingepanda," alisema. "Kila siku nilidhani kesho." Akanishika kiganja. Chake kilikuwa kikavu kama gamba la mgomba. "Ungebonyeza."

"Ningebonyeza, ndiyo. Na sasa nabonyeza."

"Basi bonyeza," alisema, akafumba macho. Hakulia, nadhani hakuwa na maji ya kulilia. "Wakija na vikapu waambie waweke nje."

Nyumba yangu iko hatua mia mbili toka bandani. Nilimkokota, yeye na furushi lake la jiwe, maana hakukubali liachwe. Nilimlaza kitandani kwangu, jiwe nikaliweka chini pale sebuleni karibu na mlango, nikakaa na kishkwambi cha kazi magotini.

Nilifungua jina lake. Kidole kilikuwa juu ya "Thibitisha". Nikamwona baba mkwe wake, mzee wa watu, akitazama simu yake, akigeuza uso hata pasipo na mtu wa kumgeuzia. Nikamwona dada yangu. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Angekuwa na haki mmoja tu, ningekuwa nimeshabonyeza.

Kuna ukurasa mmoja ambao wasomaji hatuutumii sana. Kizingiti cha nyumba kikiharibika, tunaruhusiwa kuandika uzito wa mwanamke kwa mkono mpaka fundi aje. Nililifunga jina la Tumpale. Nikafungua langu.

Kizingiti kibovu, niliandika. Kisha nikaingiza namba zake za kweli nilizokuwa nazo, kuanzia 54.1 mpaka 48.6, tarehe kwa tarehe. Kompyuta ilitafakari.

"Umri wa mama ni miaka 51. Una uhakika?"

Nina uhakika.

"Hali ya ndoa: mjane. Je, taarifa hii ni sahihi?"

Sahihi.

"Kutapika kupita kiasi. Muuguzi atafika ndani ya saa moja. Hongera, Sekela Mwakapala."

Simu yangu ikalia mfukoni. Mkuu wa kaya wa nyumba hii ni mimi mwenyewe.

4

Muuguzi alikuwa binti anaitwa Ipyana, aliyekuja na pikipiki na sanduku la dripu. Alisoma jina kwenye kifaa chake, akanitazama nilivyosimama na kilo zangu sabini na moja, akamtazama aliyelala.

"Mgonjwa ni yupi?"

"Jina ni langu," nilisema. "Mshipa ni wake."

Alikuwa kijana, na alikuwa hajamaliza hata mwaka kazini. "Mama, mimi nimekula kiapo."

"Uliapa kutibu mtu au kutibu jina?"

Hilo halikumfurahisha, na alikuwa na haki. Aliniambia kwamba rekodi ya uongo ni hatari, kwamba akija muuguzi mwingine baada yake anaweza kumkosea dawa huyu binti, kwamba kompyuta nayo inajifunza kwa kila tunachoiandikia na sasa nimeifundisha upuuzi. Yote yalikuwa kweli. Nilimwambia nitakuja mwenyewe kituoni kila wiki kuchukua majibu ya vipimo, na mwezi wa nne nitaandika barua ya kukiri, na kazi wachukue. Alinisikiliza huku akiutafuta mshipa. Aliupata mara ya tatu.

"Nitaandika kwamba nimemkuta mgonjwa mmoja kitandani," alisema. "Kwa kuwa nimemkuta mmoja." Aliongeza vitamini kwenye ile chupa, akaturekebishia mto, akaondoka bila kuniaga.

Vigelegele nilivisikia toka kwenye kona. Nilifunga mlango wa chumbani, nikajifunga kitenge kiunoni, nikatoka kupokea heri yangu. Walikuwa kina mama saba wenye vikapu, mayai, ndizi, mafuta ya alizeti, na kofia ndogo ya sufu ambayo mtu alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya mtoto mwingine. Walijitahidi kweli. Mmoja aliniuliza baba ni nani, nikasema wakati ukifika atajulikana, wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Niliona haya kama msichana wa shule. Nilisimama nikachekwa, na katikati ya haya zile nilijua vizuri, kwa mara ya kwanza, kitu nilichokuwa nikikipeleka kwenye nyumba za watu kwa miaka kumi na mmoja kwa kidole kimoja.

Mama Gwakisa alikuwa miongoni mwao, mama mkwe wa Tumpale, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walipotoka wote, yeye alirudi kuchukua mwavuli wake aliousahau. Hapo ndipo alipoliona jiwe.

Aliinama. Alipitisha kiganja pale palipolika, taratibu, na kiganja kikakaa barabara.

"Nimelitafuta hili wiki tatu," alisema.

Chumbani mtu alitapika ndani ya beseni. Mwenye kutapika nilitakiwa kuwa mimi, nami nilikuwa nimesimama mbele yake, mdomo umefungwa.

Aliutazama mlango wa chumbani kwa muda mrefu. Nje wenzake walikuwa wakimsubiri njiani, wanaongea, wanacheka bado. Nilingoja apige kelele. Niliwaza kwamba yote nimeyafanya bure.

"Yule wa kwanza nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka," alisema, akiongea na jiwe. "Wa pili pia. Wa tatu nilipiga kidogo, nikasikia aibu katikati, nikaacha." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mwambie mgonjwa wako ndizi azichome, asizipike na maziwa. Mimi mimba ya Gwakisa niliibeba kwa ndizi za kuchoma peke yake. Na huyo mgonjwa alale hapa siku atakazo. Nyumbani nitasema nimemtuma Tumpale akuuguze."

"Na jiwe?"

"Liache."

Alilifunika kwa kile kitenge lilichobebewa, akakunja pembe zake kwa ndani kana kwamba baridi ingeliingia. Kisha akachukua mwavuli, na alipofika mlangoni alipaza ile sauti yake ya kuita ng'ombe ili wote wasikie.

"Mama Lugano anatapika sana, jamani. Twendeni, tumwache alale."

Akainua gauni lake, akakiruka kizingiti changu bila kukikanyaga, akaenda.